Kumpinga mkubwa mbele ya kamati: ni kukosa heshima?

Hapa Lubumbashi wengi husema mkubwa habishwi mbele ya watu. Ukiwa na neno, mfuate bironi, mlango umefungwa. Mimi nakataa. Mambo ya kazi yabishaniwe mezani, kabla ya uamuzi, wote wakisikia.

Tuchukue kampuni ya malori inayotaka kuahidi kupeleka mzigo Kolwezi. Mkuu wa magari anajua malori yamekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mhasibu anajua pesa ya mafuta haijaingia. Kila mmoja akimnong'oneza Papa Direkta peke yake, kila shida inaonekana ya kuvumilika. Ukiziweka pamoja, ahadi haiwezekani. Nani ataziunganisha kama kwenye kikao wote wanaitikia "ndiyo, Papa"?

Ubishi uliozimwa umeua watu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga za juu cha Challenger, walitaka kisirushwe kesho yake: baridi ilikuwa kali mno kwa pete za mpira zilizoziba maungio. Wakuu wao wakajitenga kuteta, wakarudi na kibali. Wale wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wenye neno la mwisho hawakuambiwa hata kwamba kulikuwa na mabishano. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Watu 7 wakafa.

Mchangiaji, Katuba: Ndugu, mwenye mkataba wa miezi mitatu akibisha, mkataba haurudiwi, wala hakuna atakayemwandikia sababu. Kodi ya nyumba inamngoja. Unamshauri nini huyo?

Mchangiaji, Kampemba: Wengine hubisha ili kulipiza kisasi tu. Utasikia mpaka kabila la mtu limetajwa.

Mwanzisha mada: Ndugu wa Katuba, hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana mzigo simtwiki mfanyakazi. Ni wa direkta: atoe rai yake mwisho, maana akitangulia, kikao kimekwisha. Pingamizi liandikwe kwenye ripoti ya mkutano, na sababu zake. Wa Kampemba, nakubali kabisa: anayegusa kabila au nyumba ya mwenzake akatizwe palepale.

Kwa mwenye mkataba mfupi, ripoti peke yake haitoshi. Mahali mnapofanya kazi analindwaje? Na lile pingamizi lililoandikwa, kuna anayelisoma tena mambo yakiharibika?