Nataka kutengeneza bahari ya nailoni kama ya Fellini, naombeni ushauri

Mlala Macho: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kupiga filamu fupi ya ndoto. Tangu nione Amarcord (1973) ya Fellini, yule mwongozaji wa filamu wa Italia, usingizi sipati. Usiku, watu wamejazana kwenye viboti wanasubiri meli kubwa ipite, na bahari yenyewe ni nailoni, imetandazwa studio za Cinecittà, Roma. Unaona kabisa ni nailoni, ila mwili unasisimka. Nianze na bahari au skripti?

Mzee wa Kahawa: Anza na kazi ya kukulisha.

Dada Shani: Mimi 8½ (1963), ya Fellini huyohuyo. Jamaa kakwama kwenye foleni, moshi umejaa garini, anachomoka, anapaa mawinguni, kumbe kafungwa kamba mguuni anavutwa kama tiara. Nikiwa na mimba ya pili niliota hivyohivyo foleni ya Ubungo, ila kamba kashika mama mkwe.

Kisiki: Mleta mada unaishi wapi?

Mlala Macho: Bagamoyo.

Kisiki: Bahari iko mlangoni unanunua ya nailoni! Hela umetoa wapi?

Mlala Macho: Fellini naye kwao Rimini, ufukweni. Bahari ya Mungu inafanya itakavyo, ya nailoni inakutii. Na sijasema nimenunua.

Kisiki: Jibu la hela.

Mlala Macho: Ya kikoba cha mama watoto. Nimeazima tu, mgao wenyewe Desemba. Marobota manane yako barazani, nimeshayakata, hayarudishiki.

Mzee wa Kahawa: Pesa ya kina mama! Shemeji yangu aliila, mpaka leo msibani anakaa nyuma ya turubai.

Dada Shani: Fellini alichora ndoto zake daftarini miaka na miaka. Daftari shilingi ngapi?

Mtazamaji: Ngojeni kwanza. Mwongozaji kakwama, vifaa vishanunuliwa, skripti hana, pesa ni ya watu, mke anadanganywa. Si 8½ hiyo? Kaondoa mnara wa roketi wa kwenye filamu kaweka nailoni. Hii chai.

Dada Shani: Eh! Na huruma yangu yote!

Mlala Macho: Sijamdanganya mtu. Kauliza nailoni ya nini, nikasema paa linavuja. Na kweli linavuja. Hapa ninapoandika kuku katagia kwenye mkunjo wa robota la tatu. Upepo ukipita chini nailoni inavuta pumzi, yai linapanda, linashuka.

Mtazamaji: Picha?

Mlala Macho: Simu haina chaji.

Kisiki: Mkuu, nyeusi au nyeupe? Nina dagaa wa kuanika.