Mke anataka shoo ya kufunga mwaka, mimi shoo zimenichosha. Nifanyeje?

Kijana wa Zamani:

Wakuu, salaam. Najua humu kuna watu wa burudani wa kila aina, naomba mnisaidie kabla sijaharibu Desemba ya watu.

Mama watoto kaona tangazo la tamasha la kufunga mwaka hapa Dar. Msanii ni mkubwa, simtaji maana sina nguvu za kubishana na mashabiki wake. Meza ya watu sita laki tisa, na tayari keshaongea na mdogo wake na mume wake tuchange. Nguo ziko kwa fundi. Ninayesuasua ni mimi peke yangu.

Sababu ni kwamba shoo za siku hizi zinaniboa. Ile ya mwisho tuliyokwenda, tiketi imeandikwa saa mbili usiku. Tunafika, mafundi bado wanavuta nyaya. Saa nne DJ. Saa sita DJ mwingine. Chipukizi wakapanda mmoja mmoja, kila anayepanda anatuuliza kama tuko tayari. Tuko tayari tangu magharibi! Mwenyewe kaingia saa tisa kasoro na moshi, na taa, na walinzi wenye miwani myeusi usiku wa manane. Wimbo wa pili akashusha maiki ili mnenguaji amfute jasho, sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye, tamu kabisa, na zile pumzi zake za studio. Bendi ilikuwepo nyuma, lakini mpiga gitaa nilimwangalia vizuri: ncha ya waya wa gitaa ilikuwa kwenye mfuko wake wa nyuma wa suruali. Nusu saa haikufika, "Dar nawapenda", gari likawashwa.

Mbele yangu hakuna aliyecheza, simu zote juu. Njiani nikamuuliza mke wangu kama kafurahi. Akasema sana tu.

Sasa nauliza, tatizo ni shoo au ni mimi na hii arobaini na kitu yangu? Nilipe nikae kimya, nimwambie ukweli, au kuna mahali naweza kumpeleka sote wawili tukatoka tumeridhika?

Mtoto wa Mbagala:

Mzee umri umeenda, kubali yaishe. Muziki uko kwenye simu, shoo tunaenda kuonekana na kukutana na watu. Wewe unakwenda kukagua nyaya za magitaa 😂

Mama Nuru:

Kaka yangu, soma tena ulichoandika. Mkeo alifurahi "sana tu". Labda alichofurahia ni kutoka nyumbani, kuvaa, kukaa na mdogo wake mpaka asubuhi bila mtoto kumwita. Wanaume mnadhani tukisema tunataka kwenda kwenye muziki basi tunataka muziki. Kabla hujamhubiria kuhusu pleibeki, yaani msanii kuchezewa wimbo uliorekodiwa badala ya kuimba, muulize anafuata nini pale.

Fundi Mitambo:

Mleta mada huna tatizo la umri. Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti, nimefanya na bendi za dansi, injili, mpaka mikutano ya kampeni, ngoja nikwambie jikoni kunapikwaje.

Kuchelewa mara nyingi ni hela. Promota anatoa kianzio, salio anategemea mlangoni na kaunta. Watu wasipojaa hana salio, na msanii hatoki hotelini mpaka salio lionekane. Mwenye mitambo naye kalipwa nusu, hivyo gari la spika linaingia jioni badala ya asubuhi. Nyaya ulizoziona saa mbili ndiyo matokeo yake. Hapo hakuna tena muda wa kujaribu sauti na bendi. Msanii akipanda hajisikii kwenye monita zake, zile spika zinazomwelekea yeye, na mtu asiyejisikia huimba nje ya funguo. Afanyeje? Anamwambia DJ aweke CD. Tunaita CD mpaka leo ingawa iko kwenye flashi au kompyuta.

Halafu CD zenyewe hazifanani. Kuna anayeimba kwa sauti yake juu ya mdundo mtupu, huyo usimlaumu sana, anafanya kazi. Kuna anayeimba juu ya wimbo kamili wenye sauti yake ndani, akichoka anaacha na wimbo unaendelea. Uliyemwona wewe ni huyo. Nyimbo nyingi za sasa studio inapanga sauti ya mtu mmoja juu ya sauti yake mwenyewe mara nne, tano, ndiyo maana inasikika nene vile. Jukwaani koo ni moja. Ukitaka unene ule unahitaji waitikiaji na bendi iliyofanya mazoezi wiki kadhaa, na mazoezi yanataka ukumbi, nauli, chakula na posho za watu wanane au kumi. Promota wengi wakipiga hesabu hiyo wanachagua wanenguaji.

Kuhusu ukumbi, hapa ndipo watu wanapigwa bila kujua. Jengo la mabati, kuta tupu na sakafu ya vigae linarudisha sauti. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 35 kutoka jukwaani, neno linakwenda na kurudi mbele baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde, likikuta mwimbaji yuko neno la pili. Maneno yanakuwa uji. Ukumbi ukijaa miili ya watu inanyonya sauti, hali inapungua. Ndiyo maana ukumbi ukiwa nusu tupu, shoo inakuwa mbaya mara mbili.

Na ile meza ya laki tisa iko wapi? Mbele kabisa, si ndiyo? Pale unapata besi ya chini inayotikisa glasi, wakati spika za juu zinazobeba maneno zimeelekezwa kwa watu wa katikati, zinapita juu ya kichwa chako. Mwenye tiketi ya kusimama karibu na meza ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, anasikia vizuri kuliko wewe, kwa sababu pale ndipo fundi alipo na anachanganya kwa masikio yake mwenyewe. Mimi nikienda kwenye shoo ya wenzangu nasimama hapo, hatua moja nyuma ya mikisa.

Kijana wa Zamani:

Fundi, kumbe laki tisa ni ya kununua kelele. Sasa nitajuaje kabla ya kulipa kama kuna bendi ya kweli?

Fundi Mitambo:

Achana na video za ukurasa wa msanii, zile zimepachikwa wimbo wa studio. Tafuta zilizorekodiwa na watu kwa simu katika shoo zake za karibuni. Sikiliza kama wimbo uko vilevile na wa redioni mpaka kwenye pumzi. Bendi halisi lazima ibadilishe kitu, mwimbaji atarefusha kiitikio, mpiga drumu atakosea akacheka. Na tangazo likitaja jina la bendi, hiyo ni dalili nzuri kidogo. Ikiandikwa "live" kwa herufi kubwa bila jina la bendi, mimi siamini.

Mwana wa Nakuru:

Naongea kutoka Kenya, mniruhusu nipinge kidogo. Huku kwetu kuna one-man guitar za mugithi, muziki wa Wakikuyu. Jamaa ni mmoja, gitaa moja, mdundo unatoka kwenye mashine. Kwa kipimo cha Fundi hiyo ni nusu CD. Lakini nenda baa ya mugithi Ijumaa uone, jamaa anaimba kuhusu walioketi mbele yake, anataja mitaa yao, anabadilisha maneno papo hapo, watu wanashikana mabega mstari mrefu kuzunguka meza. Hakuna anayeuliza drumu iko wapi. Mimi naona kinachochosha ni msanii asiyejua kama mbele yake kuna watu. Ukipata Nairobi, kuna tamasha la muziki la Blankets and Wine, lipo tangu 2008, linaanza mchana, na unarudi nyumbani kabla majogoo hayajawika.

Fundi Mitambo:

Nakubali, mkuu. Ila huyo wa gitaa moja anapiga kweli. Hakuuzii bendi ambayo haipo.

Mpenda Dansi:

Mpeleke mkeo kwenye dansi uone! Kuna bendi mbili kongwe: Msondo Ngoma chimbuko lake ni NUTA Jazz ya 1964, Sikinde ni ya 1978, na upinzani wao ni mkubwa kuliko umri wa wasanii wengi wa leo. Kwenye dansi wimbo unaanza taratibu, mnasikiliza hadithi, mnacheza polepole mkiwa mmeshikana, halafu inaingia chemko, sehemu ya kasi, gitaa la solo linachukua kazi na tarumbeta zinajibu. Dakika kumi kwa wimbo mmoja. Mpiga besi anakuona unavyocheza, na ukicheza vizuri anakubana usitoke. Kiingilio bei ya bia chache. Ulizia wiki hiyo wanapiga wapi, kumbi zinabadilika.

Chuma Ulete:

Mpenda Dansi, sema yote. Mitambo mingine imechoka, spika zinapiga mluzi, maiki inakata katikati ya beti, na ukumbi wa wazi ukipigwa na mvua ndiyo mwisho wa habari. Halafu Jumapili nyingine unakuta wapigaji ni wengi kuliko wateja, nao wanapiga kwa huzuni. Mimi ni mpenzi wa dansi pia, lakini tusimdanganye mtu anayetaka kumfurahisha mkewe.

Mpenda Dansi:

Hayo yapo. Aende mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka. Watu wakijaa bendi inabadilika kabisa.

Bi Mkubwa wa Vikokotoni:

Mwanangu, panda boti uje Unguja. Taarabu ya asili hakuna ujanja wa mashine: fidla, ganuni, udi, akodioni, watu wamekaa mbele yako wanapiga. Kikundi cha Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Na mkeo ameshona nguo, si ndiyo? Kwenye taarabu nguo ina kazi yake. Ubeti ukimgusa atainuka na noti yake, atatembea taratibu mpaka kwa mwimbaji kumtuza, ukumbi mzima unamtazama na kila mtu anajiuliza ubeti ule kampelekea nani. Hapo wewe kaa utulie.

Au subirini Februari, tamasha letu la muziki la Sauti za Busara. Lilianza 2004 na kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe. Sharti lao ni kupiga papo kwa papo, CD haipandi jukwaani. Wenyeji kiingilio chetu ni cha chini kuliko cha wageni.

Fundi Mitambo:

Busara naiunga mkono. Wasanii wanapangiwa muda, na muda unafuatwa kwa kiasi kikubwa. Lakini mjue gharama yake, mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Muziki wa papo kwa papo kiingilio pekee hakiulipi.

Wakili wa Mtaani:

Pembeni kidogo. Kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Tangazo likisema bendi na ukapewa CD, au likisema saa mbili ukaletewa msanii alfajiri, tunza tangazo na tiketi. Sisemi utarudishiwa hela kesho. Nasema promota huwa hawajawahi kuona barua ya namna hiyo, na wakiiona wanapiga simu haraka.

Mtoto wa Mbagala:

Huyu naye 😂 Unaenda shoo na mhuri wa mahakama. Nyie ndio mnafanya wasanii wachelewe, wanaogopa kukutana nanyi.

Mama Nuru:

Mleta mada kimya. Umeshaongea na mwenzio?

Kijana wa Zamani:

Nimeongea naye jana usiku, nimerudi kutoa taarifa.

Mama Nuru ulipiga penyewe. Nilipoanza habari za mikisa na CD alinisikiliza weee, mwisho akacheka. Anasema anajua kabisa kwamba yule jamaa haimbi, hata mdogo wake anajua, na hilo haliwasumbui. Wanafuata nyimbo walizozizoea, na kuziimba wao wenyewe kwa sauti watu wazima wakiwa wamevaa wamependeza. Kilichowasumbua mara ile ni mimi. Akanitolea simu, akanionyesha picha moja moja: yeye anacheka, shemeji anacheka, mimi nimenuna kama niliyeshikiwa dhamana.

Kwa hiyo Desemba anakwenda na mdogo wake na rafiki zao, mchango wake naulipa mimi. Nami nabaki na watoto, na sitasema neno wakirudi saa kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa mwezi huu nampeleka dansini kwa majaribio, nimemwambia akiona spika zinapiga mluzi tunaondoka bila ugomvi. Zikienda vizuri, Februari tunavuka bahari. Fundi, huko kote nitamtafuta aliyeko kwenye mikisa nisimame nyuma yake.

Bi Mkubwa wa Vikokotoni:

Kama ni Februari, tafuta chumba sasa hivi. Wiki ya Busara Mji Mkongwe unajaa, na vinavyobaki mwishoni ni vya bei ya wazungu. Boti nayo usingoje Ijumaa jioni.

Mpenda Dansi:

Na dansini nenda na noti ndogondogo za kutuza. Ukitoa elfu kumi wimbo wa kwanza watakuimba jina mpaka wakukaushe mfuko.

Mtoto wa Mbagala:

Mzee, samahani. Ile nafasi yako pale kwenye meza ya laki tisa imeshapata mtu?