Mrejesho: matumbawe yangu yaliyokuwa yanafifia

Wadau, nimerudi. Wiki sita zilizopita niliuliza kwa nini matumbawe kwenye tangi langu la lita 200 yanapoteza rangi, tumbawe la aina ya Acropora linachunika kuanzia shinani na la aina ya Euphyllia limejikunyata mchana kutwa. Wengi mlisema taa. Nikazipunguza, hali ikabaki vilevile.

Aliyepatia ni yule aliyeuliza swali moja tu: refraktomita yako (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) unaisawazisha kwa maji gani? Maji safi, nikajibu kwa kujiamini kabisa. Kumbe kifaa kinaweza kusoma sifuri vizuri na bado kikadanganya huko juu. Nikanunua kimiminika cha kusawazishia chenye chumvi ya 35 kwa elfu. Kifaa changu kikakisoma 39! Yaani miezi yote niliyokuwa naona 35, chumvi halisi ilikuwa kama 31. Alkaliniti nayo (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) nilipoipima ilikuwa 5.8 dKH, wakati bahari yenyewe huwa karibu 7.

Sikukurupuka. Maji yalipopungua kwa mvuke nilijazia ya chumvi badala ya maji safi, siku kumi hivi mpaka 35. Alkaliniti nikaipandisha baadaye, bila kuzidisha nusu dKH kwa siku. Sasa ipo 8.

Acropora kubwa sikuiokoa. Kipande nilichokata juu yake kabla haijafa kimeanza kutoa ncha nyeupe za kukua, na Euphyllia inafunguka kila asubuhi. Taa nimezirudisha kama zamani, zilionewa bure.