Chaucer aondolewe vyuoni au abaki?

Mleta mada: Wakuu, Januari 2021 Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kilitoa mpango wa kuacha kufundisha fasihi ya zama za kati, Geoffrey Chaucer akiwemo, na kuimarisha masomo ya rangi, jinsia na urithi wa ukoloni. Wapo walioshangilia. Mimi hapana, kwa sababu mpango huohuo ulikuwa na upunguzaji wa wahadhiri ndani yake. Kwa macho yangu, ule ulikuwa ubanaji wa matumizi uliovalishwa kanzu ya ukombozi.

Na huyo Chaucer ni nani? Mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo wa London, kazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1340. Alitekwa vitani Ufaransa, mfalme akachangia pauni 16 kumkomboa mwaka 1360. Kuanzia 1374 hadi 1386 alikuwa ofisa wa forodha bandarini London, anakagua ushuru wa sufu. Mashairi yalisubiri jioni. Ikulu ilipenda Kifaransa, wasomi Kilatini. Yeye akaandika kwa lugha ya sokoni, na katika Hadithi za Canterbury akawaweka njia moja ya hija askari wa farasi, msaga nafaka mlevi na mama aliyeolewa mara tano. Huyu ndiye alama ya ukoloni?

Kalamu Kavu: Mkuu, unampamba mno. William Langland naye aliandika Kiingereza wakati uleule, na sheria ya 1362 ilishataka kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Kilichombeba Chaucer ni lahaja ya London, kisha mchapaji William Caxton akachapa kitabu chake miaka ya 1470. Kuna mshairi wa enzi yake wa kaskazini magharibi, fundi kwelikweli, hata jina lake limepotea.

Binti Mwambao: Mbona mnaikwepa ile hadithi ya mtawa mkuu, humohumo kwenye Hadithi za Canterbury? Inasema Wayahudi walimchinja mtoto Mkristo kwa kuimba wimbo wa Bikira Maria. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290! Wasomaji wake wengi walifundishwa kumchukia mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Mleta mada: Dada, hapo sina utetezi. Wapo wanaodai Chaucer alikuwa anamkejeli huyo mtawa, sishawishiki. Lakini hiyo 1290 uliyoitaja wanafunzi wataisikia wapi, kama hadithi yenyewe haisomwi darasani?

Mwalimu Mstaafu: Vijana, hoja hii ina historia Nairobi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe pale chuoni. Watu wanakumbuka neno "ifutwe" tu. Walichotaka ni Afrika iwe kitovu, fasihi za wengine zipangwe kuizunguka. Kwa hoja hiyohiyo, Mwingereza ana haki ya kuanzia kwao, na kwao yumo Chaucer.

Kalamu Kavu: Shikamoo Mwalimu. Ila "kwao" ya nani? Leicester ndiyo iliyopokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya jiji ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende. Wakaenda hivyohivyo, na jiji likawa lao. Mhula wa kwanza mtoto wa nyumba hiyo aanze na mahujaji wa Canterbury?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Aanze nao, kwa nini asianze? Wewe ulishasema jiji ni lao.

Binti Mwambao: Mwalimu, jiji kuwa lao ni pamoja na wao kukaa kwenye meza inayopanga mitaala. Wakimchagua Chaucer wenyewe, mimi nanyamaza. Mpaka hapo naona wakubwa wa chuo wanapiga hesabu za mishahara, na sisi tunawatafutia falsafa.

Kalamu Kavu: Hapo umemuunga mkono mleta mada bila kutaka, dada.

Binti Mwambao: Kwenye mishahara tu. Hadithi ya mtawa bado hamjanijibu.