Biashara imefungwa na madeni yamebaki: nianze kujenga upya na lipi?

Muulizaji

Ndugu zangu, salaam. Biashara yangu ya jumla imefungwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu wateja waliochukua bidhaa kwa mkopo hawakulipa kwa wakati, nami nimebaki na madeni ya benki, ya wauzaji na ya jamaa. Mwenzangu anashauri tuhamie nyumba ya kodi nafuu, kaka yangu yuko tayari kunikopesha mtaji ili nifungue tena mwezi ujao, na mimi nafikiria kutafuta ajira. Sina haraka ya kusimama. Nataka nisianguke tena kwa sababu ileile. Nianze na lipi?

Jibu la 1

Pole sana. Kabla ya kupokea fedha za kaka yako, andika kila deni pamoja na riba, tarehe ya mwisho na dhamana yake, kwa kuwa deni lililowekewa nyumba rehani halilingani na la muuzaji asiyeshikilia chochote. Kisha waendee wanaokudai kabla hawajakufuata, ukiwa na ratiba ya marejesho unayoiweza kweli, maana ahadi mpya ikivunjwa hutapewa sikio tena. Jamaa nao waingie kwenye orodha. Wengi huwaweka mwisho kwa sababu hawaleti notisi, na undugu huharibika hapo.

Jibu la 2

Naafiki, lakini sababu yenyewe ya kuanguka bado haijaguswa. Tuseme muuzaji anataka fedha zake baada ya siku 30 na mteja wako analipa baada ya siku 90: hizo siku 60 za katikati unazigharamia wewe, pengine kwa mkopo wenye riba. Ukiongezewa mtaji bila kubadilisha masharti hayo, kadiri unavyouza zaidi ndivyo pengo linavyopanuka, hata kama vitabu vinaonyesha faida. Mtaji wa kaka ungeahirisha tu tatizo. Anza kufuatilia fedha unazodai, na siku utakapofungua tena, kila mteja awe na kikomo cha mkopo, na asiyelipa asipelekewe mzigo mwingine.

Jibu la 3

Mimi naogopa wingi wa mabadiliko. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe, madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, walitoa kipimo cha msongo unaoletwa na matukio 43 ya maisha: kifo cha mwenzi kina pointi 100, kufukuzwa kazi 47, kuhama makazi 20. Pointi hizo hujumlishwa, na hata mabadiliko mema huhesabiwa. Kuhama, ajira na duka jipya kwa mwezi mmoja ni mzigo mkubwa mno. Ningetanguliza ajira, kwa sababu ratiba ya marejesho inahitaji kipato kinachojulikana, duka lisubiri.

Muulizaji

Nawashukuru. Mdaiwa wangu mmoja anataka kunilipa kwa bidhaa badala ya fedha. Nimkubalie?

Jibu la 2

Kubali ikiwa tayari una mnunuzi wa bidhaa hizo, tena kwa bei utakayouzia wewe, si anayoitaja yeye, na mwandikishane salio lililobaki.