Watu wa grafiksi wa Moshi, nani aliwafundisha kuandika nyekundu juu ya kijani?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimekaa chini ya bango lenyewe, kwa hiyo hasira bado ni ya moto. Mods msiuhamishe huu uzi kwenye jukwaa la utani, sitanii.

Nauza chakula Majengo, hapa Moshi. Mtori kila siku, ndizi nyama, na kiburu Jumatano na Jumamosi. Miaka minne nimeuza bila bango, watu wanafuata harufu. Mwezi huu nikahamia fremu ya barabarani, nikasema sasa na mimi nipendeze: bango la mita 3 kwa 1, vipeperushi 500 vya A5, na menyu ya kubandika ukutani. Nikaenda kwa kijana mmoja mwenye steshenari katikati ya mji. Jina silitaji, msinifuate PM. Mlangoni amejiandika mtaalamu. Nikamlipa laki na ishirini, yote mkononi. Hilo kosa ni langu.

Bango lilikuja limekunjwa kama mkeka. Tukalikunjua mimi na binti anayenisaidia jikoni, tukanyamaza wote wawili. Yeye ndiye alianza: "Mama, hilo beseni la nini?"

Lilikuwa bakuli langu la mtori. Alikuwa na nafasi pana, picha haikuienea, basi akaivuta ubavuni mpaka ikaenea. Vipande vya nyama vimelala kama chapati. Hata mtoto anayechezea simu anajua picha inakuzwa kwa kushika kona, ili urefu na upana viende pamoja.

Sasa maandishi. Nyuma kijani iliyokolea, juu yake herufi nyekundu iliyokolea. Maneno yaliyopewa herufi kubwa kuliko yote ni KARIBUNI SANA WATEJA WETU WAPENDWA. Neno MTORI, ambalo ndilo linalonilipia kodi, liko kona ya kulia, dogo, kwa ile fonti (mtindo wa herufi) ya mikia mikia ya kadi za harusi, tena kwa herufi kubwa tupu. Zile herufi kubwa za mikia zimechorwa kila moja ianze neno peke yake. Ukizipanga tano kwa mkupuo zinashikana mikia, kama kuku wamepita kwenye tope. Nimehesabu aina za fonti kwenye bango hilo moja: sita. Na chini yake, "vyakula vya asiri". ASIRI.

Bado namba ya simu. Kaisukuma hadi ukingoni kabisa. Mtu wa kuweka ringi za kufungia kamba alipokuja kutoboa, ringi ya chuma ikatua juu ya tarakimu ya mwisho. Mteja anasoma tarakimu tisa na tundu.

Nikamrudia. Unajua alinijibu nini? "Mama, kwenye kompyuta ilikuwa inaonekana freshi. Halafu wewe ndiye ulisema niweke kila kitu."

Ni kweli, nilisema. Nilimpa menyu nzima, nikampa mstari wa Biblia, nikampa na picha yangu ya kipaimara cha mwanangu. Lakini mgonjwa akimwambia daktari ampe dawa zote zilizoko kabatini, daktari anazitoa? Nilimlipa ili anikatalie! Bodaboda anapita hapa mbio, ana sekunde mbili za kutazama. Anahitaji kujua nauza nini, basi, na labda namba. Kukaribishwa atakaribishwa akishaingia.

Baada ya pale nikamtafuta mzee mmoja wa Pasua, anaandika mabango kwa brashi tangu zamani, ubao wa shule, milango ya maduka, nyuma ya malori. Nilitaka tu aniandikie neno moja kwenye ubao niuweke nje Jumamosi. Nikakaa kumtazama, na hapo ndipo hasira yangu iliongezeka mara mbili.

Alianza kwa uzi uliopakwa chaki. Akaubana pande mbili, akauvuta na kuuachia, pa! mstari wa juu. Pa! mstari wa chini. Ndipo akachora MTORI kwa penseli. Alipofika kwenye O nikamwambia, mzee, hiyo imetoka nje ya mstari. Akacheka. "Mama, nimeitoa makusudi. Herufi ya mviringo ukiiishia kwenye mstari sawasawa na wenzake, jicho linaiona fupi. Inabidi ipite kidogo juu na kidogo chini." Kisha akaisogeza ile O karibu na T, karibu kuliko alivyoweka M na T. Kwa nini? Kwa sababu T ina uwazi chini ya mabega yake, na O nayo imepinda, kwa hiyo ukipima kwa rula nafasi sawa kila mahali, pale katikati neno linaonekana limetoboka. Hapimi kwa rula, anafumba jicho moja na kupima ule uwazi wenyewe.

Neno moja, herufi tano, dakika arobaini. Huku mwenzake mwenye laptopu kaandika maneno sabini bila kutazama nafasi hata moja. (Msimfanye mzee malaika, naye amenichelewesha siku mbili na rangi imenidondokea sakafuni. Lakini MTORI inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.)

Na jambo linaloniuma, haya mambo tunayo nyumbani. Fungueni kabati la mama yenu mtoe kanga. Kuna pindo linazunguka pande zote nne. Kuna mji, pale katikati, ambapo pambo moja linatawala na kuachiwa nafasi lipumue. Kuna jina, limeandikwa kwa mstari mmoja, herufi za aina moja, pale chini juu ya pindo, kila mtu anajua pa kulitafuta. Rangi mbili tatu, zimekwisha. Umeshaona kanga yenye fonti sita? Umeshaona kanga ambayo maneno yamekatwa na upindo wa cherehani? Aliyeichora aliacha nafasi ya kushonea. Kijana wangu hakuacha hata nafasi ya ringi.

Kuhusu rangi, fanyeni jaribio hili mnaposoma. Pigeni picha bango lolote, halafu mligeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu. Mimi langu nililigeuza, maandishi YOTE yakapotea, likabaki gunia la kijivu. Maana yake ile nyekundu na ile kijani zinatofautiana kwa jina tu, kwa giza na mwanga ni zilezile. Jicho likiwa mbali, au jioni taa ikiwa hafifu, linashika kwanza tofauti ya giza na mwanga. Na wapo watu, wengi wao wanaume, tangu kuzaliwa hawatofautishi nyekundu na kijani vizuri. Hao hata mchana hawalioni.

Vipeperushi navyo. Pembeni vina mstari mweupe kama kope, upande mmoja tu, na upande wa pili M imekatwa: karibuni "TORI". Nimeshaelezwa sababu na mtu wa mashine kubwa: rangi ya nyuma inatakiwa ipitilize mstari wa kukatia, milimita 3 kila upande, kwa kuwa kisu hakikati palepale kila karatasi. Na maneno yanatakiwa yakae ndani, mbali na kisu. Basi. Milimita 3 zimenila vipeperushi 500.

Ile kijani ya ndizi inayong'aa niliyoonyeshwa kwenye skrini imetoka kama mchicha uliolala. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na buluu. Mashine inatengeneza kwa wino, samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii. Mtaalamu anajua hilo kabla hajamwonyesha mteja, hamwonyeshi keki ambayo hawezi kuioka.

Logo imetoka na vijiwe vijiwe. Niliyompa ilikuwa faili nzuri, akaniambia "nitumie WhatsApp tu". WhatsApp inabana picha. Halafu akapiga skrinshoti ya hiyo iliyobanwa! Kuchapa A5 vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, unahitaji pikseli (vile vinukta vya picha) 1748 kwa 2480, skrinshoti ya kipande cha logo itazipata wapi? Logo inachorwa kwa vekta, yaani mistari inayokokotolewa, unaikuza hadi ukubwa wa lori na haipasuki.

Menyu sina nguvu ya kuisimulia. Bei ya kiburu iko karibu na picha ya maharage, na yote ni Comic Sans. Nimesoma sana wiki hii kwa hasira: fonti hiyo aliichora Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu anaongea kwa Times New Roman, herufi za barua za ofisini. Kwa mbwa wa katuni inafaa kabisa. Mimi nauza ng'ombe.

NYONGEZA, saa mbili usiku

Nimesoma majibu. Anayesema "kwa laki na ishirini ulitaka nini": nilitaka namba yangu ya simu, mkuu. Kuisogeza ndani kwa kiganja kimoja ni shilingi ngapi?

Anayesema kijana anatumia programu ya wizi na kompyuta mbovu, ndiyo maana: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za kopo juu ya vipande vya hadibodi. Kompyuta hakuwa nayo. Mnyama wake unamwona toka mlangoni, kwa sababu alijua umbo moja kubwa linatangulia, mengine yanafuata.

Dada aliyeuliza kijana wake aanzie wapi kabla ya kufungua programu: mstari, umbo, rangi, ukubwa, nafasi, herufi. Ampe karatasi nyeusi na mkasi, akate maumbo matatu, ayapange juu ya karatasi nyeupe mpaka aone lipi linaonekana kwanza na kwa nini. Mzee wa Pasua ndivyo alivyofundishwa. Kompyuta baadaye.

NYONGEZA ya pili

Kijana ameuona uzi. Amenipigia, kwa kweli ameomba radhi vizuri, amesema atachapa bango upya bila malipo na mtori atauweka mkubwa katikati. Nikapoa kabisa.

Kisha akasema, "Ila mama, naomba unitumie tena ile logo. WhatsApp tu."