Mrejesho: sola ya friji la dukani, Wete

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa pili niliuliza: fundi kanitajia milioni 3.4 za sola ya friji na taa za duka, na mkopo wa riba sitaki, nifanyeje?

Yule kaka aliyesema nipime kwanza, Mungu akuzidishie. Nikaazima kipima umeme, nikakiacha kwenye friji siku tatu. Linakula uniti 0.65 kwa siku! Fundi alizidisha wati 100 kwa saa 24, akapata uniti 2.4 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), kumbe friji linawaka na kukata. Hapo ndipo bei ilipovimba.

Basi nimechukua paneli mbili za wati 200, na betri moja ya lithiamu ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, yaani uniti 1.2 ikijaa. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni ya wati 1,000, maana friji linapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Jumla milioni 1.7. Kibati chetu (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) cha watu kumi na wawili kilinipa milioni 1.2, wenzangu walinipisha zamu ya pili, Allah awalipe. Iliyobaki ni pesa ya karafuu.

Masika yalinitia mashaka: siku tatu za wingu, betri ikashuka hadi robo, nikarudisha friji kwenye umeme wa kawaida. Kwa hiyo laini ile msiikate. Jua lilipotoka mambo yakatengemaa, na juisi ya ukwaju haijaniharibikia tena umeme ukikatika.

Dada wa Mkoani uliyeuliza kuhusu vyuma vya kushikia paneli: chukua vya alumini, chumvi ya bahari huku haina huruma.